Kona ya Fundi wa Mahema: Mvua uipeleke dukani mwenyewe

Kazi yangu ni kushona na kukarabati mahema, mabegi ya mgongoni na makoti ya mvua. Kinachofika mezani kwangu kimeshakwenda porini kikashindwa: zipu zilizong'oka meno, mishono iliyoachia, fito zilizopasuka katikati. Ndiyo maana nikiingia duka la vifaa vya kambi, macho yangu huenda moja kwa moja mahali kitu kitakapovunjikia. Duka la mjini ni kavu, lina taa na halina upepo, na kila kilichomo kinaonekana kizuri. Ni juu ya mnunuzi kuingia na mvua, giza na uchovu kichwani mwake, kisha akiulize kila kitu kitakuwaje huko. Barua za safari hii nimezijibu kwa jicho hilo.

SWALI: Mimi ni mfanyakazi wa ofisini. Wenzangu wamepanga twende kupiga kambi milimani siku nne, nami sijawahi kulala kwenye hema maishani mwangu. Nilikwenda duka kubwa la vifaa vya kambi, muuzaji akanipa orodha ndefu kiasi kwamba nilitoka mikono mitupu. Fedha yangu haifiki hata nusu ya orodha ile. Nianze na kipi, na kipi niache? – *Mgeni wa Pori*

JIBU: Dada yangu, ulifanya vema kutoka. Orodha ile iliandikwa bila mtu kukuuliza unakwenda wapi. Kabla hujarudi dukani, waulize wenzako mambo matatu: kambi iko kwenye mwinuko gani, usiku wa msimu huo baridi hufika wapi, na mizigo mtaibeba wenyewe au italetwa na gari. Kama hakuna anayejua habari ya baridi, piga hesabu mwenyewe. Kila mnapopanda mita 1,000, joto hushuka kwa nyuzi 6 na kidogo. Mji ukiwa na nyuzi 18 usiku, kambi iliyo mita 2,000 juu yake itakuwa kwenye nyuzi 5 hivi, na hapo upepo haujavuma.

Fedha yako ianzie miguuni. Hema utalala na mwenzako, jiko mtatumia moja kambi nzima, lakini kiatu cha kuazima kimeshafuata mguu wa mwenyewe na hakitaufuata wako. Nenda kujaribu viatu jioni, baada ya siku nzima ya kusimama na kutembea, kwa sababu mguu huvimba, na milimani utavimba zaidi. Chukua soksi zilezile utakazovaa safarini. Ingiza mguu bila kufunga kamba, usukume mbele mpaka vidole viguse ncha, kisha jaribu kupitisha kidole cha mkono nyuma ya kisigino. Kikipita bila kulazimisha, namba ndiyo hiyo. Kidole kikikataa, panda namba moja.

Sasa funga kamba vizuri, utafute ngazi. Maduka mengine yana kijukwaa chenye mteremko kwa kazi hiyo, na pasipo na kijukwaa ngazi za kawaida zinatosha. Panda: kisigino kikiinuka ndani ya kiatu, lengelenge litakuja. Shuka ukipiga hatua nzito: vidole vikigonga mbele, kucha zitageuka nyeusi siku ya kushuka mlima. Muuzaji akikuambia kiatu "kitalegea chenyewe", kirudishe kwenye rafu. Ngozi hulegea kidogo ubavuni, lakini urefu hauongezeki hata siku moja.

Kisha kikamate kwa mikono miwili ukikunje. Kiatu kizuri hukunjika pale vidole vya mguu vinapokunjika. Kikijikunja katikati ya wayo, kitakuchosha kwenye mawe. Geuza soli uangalie meno yake: yawe na kina, na yawe na nafasi kati yake ili tope lidondoke. Soli hizi za mpira wenye meno zina historia ya huzuni. Zamani wapanda milima walivaa buti za soli ya ngozi iliyopigiliwa misumari. Mwaka 1935 Mwitalia Vitale Bramani alipoteza wenzake sita mlimani, akaona viatu vyao vilichangia. Miaka miwili baadaye akatoa soli ya mpira iliyobeba jina alilolikata kutoka jina lake mwenyewe, Vibram. Hulazimiki kununua jina hilo. Tafuta umbo lile la meno tu. Tena, kwa siku nne kwenye njia zinazotembelewa na watu, ukiwa na mzigo mwepesi, viatu vya chini vyenye soli imara vinatosha. Buti nzito la juu ya kifundo lina faida kwenye mawe yaliyolegea na mzigo mkubwa, ila kila hatua utaliinua.

Baada ya miguu, usingizi. Hapo nitakuomba usome jibu la Baba wa Watatu hapa chini. Baada ya usingizi, koti la mvua, ambalo nimelieleza kwa Niliyelowa. Baada ya hapo, dada, huenda nguo umeshakuwa nazo kabatini. Nguo ya ndani inayogusa ngozi iwe ya poliesta au sufu nyembamba, na nguo za mazoezi zinafaa kabisa. Juu yake sweta la sufu au la flisi, kile kitambaa laini chenye manyoya ya poliesta, la kutunza joto. Juu ya vyote, koti la kuzuia upepo na mvua. Kila tabaka lina kazi yake, na utavaa na kuvua mchana kutwa. Ukianza kupanda, vua sweta kabla jasho halijatoka. Mkisimama kupumzika, livae kabla ya kuhisi baridi. Fulana za pamba na jinzi ziache nyumbani.

Begi la mgongoni ukiliazima, angalia urefu wa mgongo, maana ndipo watu wengi wanapoumia. Inamisha kichwa, papasa mfupa unaojitokeza chini ya shingo, kisha mwambie mtu apime kutoka hapo hadi usawa wa juu wa mifupa ya nyonga. Hicho ndicho kipimo cha begi, na kimo chako hakihusiki sana. Mkanda wa kiunoni ukae juu ya mifupa ya nyonga na ubebe sehemu kubwa ya uzito. Mabega yabaki kuliongoza begi tu. Ukiwa dukani omba vifuko vya mchanga, au jaza begi vitu vilivyoko rafuni, uvae na kuzunguka kwa muda mpaka uanze kuchoka. Begi tupu halina siri yoyote ya kukuambia.

Kitu kimoja kidogo nunua kipya kiwe chako: tochi ya kichwani, na betri za akiba. Kuazima tochi halafu ukaijua vibaya gizani ni kujitafutia ajali.

SWALI: Nilinunua koti lenye lebo inayosema halipitishi maji, tena bei haikuwa ndogo. Mvua ya saa mbili nikalowa mpaka shati. Nimerudi dukani nikaambiwa ni jasho langu. Je, wananidanganya? – *Niliyelowa*

JIBU: Huenda wanasema kweli, na huenda koti ni bovu. Ziko njia za kujua, kwa hiyo kaka, lipindue koti lako sasa hivi, ndani iwe nje, ulitandaze mezani penye mwanga.

Anza na mishono. Kila mahali sindano ilipopita pana safu ya matundu. Koti la mvua la kweli lina utepe mwembamba uliobandikwa kwa joto juu ya kila mshono kwa ndani: mabegani, kwapani, kwenye kofia, kuzunguka zipu. Makoti mengine huwa na utepe mabegani na kwenye kofia tu, na muuzaji hataji. Pitisha ukucha kando ya utepe. Ukiinuka kama gamba, maji yatapita hapo. Nyingi ya kazi ninazoletewa ni hizi, kitambaa kizima na utepe umeachia, mara nyingi kwa sababu koti lilifungiwa ndani ya gari lenye joto kali au lilihifadhiwa likiwa na unyevu.

Mishono ikiwa mizima, tafuta namba ya kitambaa kwenye lebo. Huandikwa kwa milimita: wapimaji hukisukumia kitambaa shinikizo la maji lenye kimo cha milimita hizo mpaka matone yaanze kupenya. Koti lenye 1,500 litastahimili manyunyu. Kwa mvua ya kutwa na mikanda ya begi inayokandamiza mabega, mimi nataka 10,000 au zaidi. Angalia hiyo mikanda vizuri, maana pale inapokaa ndipo kitambaa hubanwa, hukwaruzwa na huzeeka kwanza.

Kama koti lako lina mishono mizima na namba kubwa, basi habari ya jasho inawezekana. Makoti mengi mazuri yana utando mwembamba wenye vitundu vidogo mno. Teknolojia maarufu kati yake ilianzia mwaka 1969, pale Mmarekani Robert Gore alipoivuta kwa ghafla plastiki ya PTFE iliyopashwa moto ikarefuka sana na kujaa vinyweleo. Tone la maji haliwezi kupita humo, mvuke wa jasho unaweza. Lakini mvuke hutoka iwapo tu uso wa nje wa koti haujajaa maji. Ndiyo maana nje hupakwa dawa ya kufanya matone yabiringike na kuanguka. Dawa hiyo ikichakaa, au ikifunikwa na uchafu, mafuta ya ngozi na sabuni, kitambaa cha nje hunywa maji, kinakuwa kizito na baridi, na jasho lako linakosa njia ya kutokea. Unalowa kutoka ndani huku utando mzima kabisa.

Fanya jaribio: nyunyizia maji begani. Yakiwa matone ya mviringo yanayoteleza, dawa ipo. Yakisambaa na kuacha doa jeusi, lifue koti kwa sabuni laini ya maji, suuza mara mbili, usitie dawa ya kulainisha nguo, kisha likaushe kwenye mashine kwa joto dogo kama lebo inaruhusu. Joto huamsha dawa iliyosinzia. Ikishindikana, nunua dawa ya kunyunyizia, zinauzwa maduka yaleyale. Na jambo la kuzingatia ukinunua koti jipya siku hizi: dawa za zamani zilikuwa na kemikali za PFAS, ambazo hazichakai kwenye mazingira, na watengenezaji wengi wameziacha. Jimbo la California lilianza mwaka 2025 kuzipiga marufuku kwenye nguo nyingi. Nafurahi zinaondoka. Ila dawa mpya hazifukuzi mafuta vizuri kama zile, kwa hiyo koti jipya linataka kufuliwa mara nyingi zaidi kuliko la baba yako. Watu wanaogopa kulifua koti la mvua wakidhani wanalilinda, kumbe uchafu ndio unaoliua.

Mwisho kuhusu koti: zipu za kwapani. Zinaonekana ni pambo. Kwa mtu anayetoka jasho sana kama wewe, kufungua kwapani kunafanya kazi kuliko utando wowote wa bei mbaya.

SWALI: Mimi ni baba wa watoto watatu. Nataka kununua mifuko ya kulalia. Mmoja umeandikwa nyuzi 5, mwingine 0, mwingine hasi 10, na kwenye lebo moja kuna namba tatu tofauti! Nifuate ipi? Mke wangu husikia baridi kuliko mimi. – *Baba wa Watatu*

JIBU: Baba Watatu, hizo namba tatu ndizo lebo ya kweli, na mfuko wenye namba moja kubwa kifuani ndio wa kuushuku. Vipimo vinafuata kanuni ya kimataifa inayoitwa ISO 23537. Namba ya kwanza ni ya starehe: joto ambalo mwanamke wa kawaida atalala amejilegeza bila kusikia baridi. Ya pili ni kikomo: mwanamume wa kawaida atalala amejikunja bila kuamka kwa baridi. Ya tatu ni ya hatari. Hiyo inasema mtu ataumia na huenda akaponea chupuchupu, si namba ya kulalia.

Sasa angalia kilichoandikwa kwa herufi kubwa kwenye mfuko. Mara nyingi ni kikomo, na wakati mwingine ile ya tatu. Wewe nunua kwa namba ya starehe, ya mkeo, ya watoto na yako pia. Kambi ikitarajiwa kuwa nyuzi 5, tafuta starehe ya nyuzi 0. Ukisikia joto utafungua zipu, lakini ukisikia baridi saa nane usiku hakuna duka.

Kisha kuna kitu ambacho wauzaji hukitaja mwisho, nami ningekitaja kwanza: godoro. Mfuko wa kulalia huhifadhi joto kwa hewa iliyonaswa ndani yake. Ukilala juu yake, upande wa chini unabanwa na hewa inatoka, na ardhi inakunyonya joto usiku kucha. Anayelalamika kwamba mfuko wake wa bei kubwa haufai, mara nyingi amelala juu ya mkeka mwembamba. Godoro za kambi zina namba ya R inayoonyesha zinavyozuia joto kupita. Tangu mwaka 2018 ipo kanuni moja ya kuipima, kwa hiyo unaweza kulinganisha chapa mbili bila kudanganywa. Kwa usiku wa joto, R ya 2 inatosha. Kwa baridi ya milimani tafuta 4. Kwenye theluji, 5 na kuendelea. Na namba hizi zinajumlishwa: mkeka wa sponji wenye R 2 chini ya godoro la kupuliza lenye R 2 unakupa 4. Kwa familia yako ningenunua mikeka ya sponji ya kukunja. Watoto watairukia, wataikalia juu ya miiba, wala haitatoboka.

Manyoya ya bata au nyuzi za plastiki? Manyoya ni mepesi, hujikunja yakawa madogo, na yakitunzwa hudumu miaka mingi. Yakilowa yanagandamana na joto linapotea karibu lote. Nyuzi za plastiki ni nzito kidogo ila zikilowa bado zinakupa joto fulani, na hukauka upesi. Penye watoto wanaomwaga vitu, nunua za plastiki bila kusita. Na mtoto asipewe mfuko wa mtu mzima: nafasi tupu miguuni ni hewa baridi anayolazimika kuipasha yeye. Kama huwezi kununua wa mtoto, ikunje sehemu ya chini uifunge kwa kamba kabla hajaingia. Mfuko wowote ule, nyumbani uutundike au uuweke kwenye gunia kubwa la kitambaa. Usiuache umebanwa ndani ya kile kifuko chake kidogo mwaka mzima, utaukuta umekufa.

SWALI: Hema lililoandikwa la watu wawili linatosha watu wawili? – *Bwana Harusi*

JIBU: Linatosha miili miwili iliyolala bega kwa bega. Begi zenu zitalala nje. Nunueni la watatu.

SWALI: Nimeona hema na buti vya mitumba, vinaonekana vipya kabisa, bei nusu. Muuzaji anasema buti halijavaliwa hata mara moja, lilikaa tu kabatini. Mimi ni mwanafunzi, fedha ni tatizo. Ninunue? – *Mwanafunzi wa Jiografia*

JIBU: Mdogo wangu, mtumba ni rafiki mkubwa wa mtu wa pori, na vitu vyangu vingi nilivipata hivyo. Sweta la sufu, sufuria, begi, mkeka wa sponji, vyote nunua kwa moyo mweupe. Lakini hivi viwili ulivyovitaja ndivyo vyenye ugonjwa usioonekana.

Buti nyingi zina soli ya kati ya sponji ya poliurethani, aina ya plastiki. Unyevu wa hewa huivunja taratibu hata kiatu kikiwa kimekaa tu, na kuna wanaosema kiatu kinachotembea hudumu kuliko kilichofungiwa. Buti la miaka kumi ambalo halijavaliwa linaweza kung'aa kama jipya, kisha soli zikaanguka zote mbili asubuhi ya kwanza. Bonyeza kwa nguvu ubavu wa soli kwa kidole gumba. Ukiona mikunjo midogo isiyorudi, au vumbi la unga kwenye kidole, acha. Tafuta ufa mwembamba pale soli inapokutana na ngozi. Muulize muuzaji lilinunuliwa mwaka gani. Asipojua, mwachie.

Hema nalo lina utando wa poliurethani hiyohiyo kwa ndani ya kitambaa cha nje. Lifungue lote, usikubali kuliona likiwa limekunjwa. Kwanza tumia pua: harufu kali ya matapishi ni dalili kwamba utando ule unaoza. Kisha shika kitambaa kwa viganja viwili, uvitenganishe. Kikinata, au kikiacha vigamba vyeupe, hakuna fundi atakayekiponya, nami ni fundi. Sakafu inyooshe kuelekea kwenye taa utafute nukta za mwanga. Vuta kitambaa taratibu pale kwenye paa palipopigwa na jua sana, maana jua hula nailoni. Kikichanika kwa vidole, ni karatasi.

Fito ziunganishe zote. Za alumini zikipinda zinanyooshwa kidogo au zinafungwa bomba la kutengenezea. Zile za nyuzi za kioo hupasuka kwa urefu na kutoa vijiti vinavyochoma mikono na kutoboa kitambaa. Kamba ya mpira iliyo ndani ikiwa imelegea usiogope, hiyo hubadilishwa kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo. Zipu ikipita meno bila kuyafunga, mara nyingi kosa ni la kile kichwa kinachoteleza, na kichwa hubadilishwa. Zipu iliyokosa meno ni kazi kubwa, kwa hiyo piga bei chini.

Ukishalipata, lisimamishe nyumbani kabla ya safari na ulimwagie maji kwa mpira wa bustani au ndoo, mtu mmoja nje, mwingine ndani na tochi. Mishono inayovuja utaitia alama ya chaki na kuipaka gundi ya mishono ikishakauka. Fanya hivyo hata kwa hema jipya, tena mapema, kabla siku za kurudisha bidhaa hazijapita, na risiti iwe mfukoni.

SWALI: Katika toleo lililopita uliandika kwamba jinzi na nguo za pamba zisipelekwe milimani. Mimi nimetembea porini na suruali ya jinzi tangu ujana, na niko hai. Ninyi vijana mnawatia watu gharama. – *Mzee wa Zamani*

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Nakuamini. Penye jua na ukavu pamba ni nguo njema, na kwenye joto kali ule unyevu inaoushika humpoza mtu. Sikatai hata kidogo.

Ninachokiogopa ni vitu vitatu vikikutana: kulowa, upepo na uchovu. Maji huondoa joto mwilini mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia, na jinzi ikilowa haikauki siku hiyo. Sufu hunywa unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujaihisi kuwa imelowa, na poliesta haiunywi karibu kabisa. Mtu anaweza kuzidiwa na baridi kwenye nyuzi 10 za mvua na upepo, hakuhitajiki theluji. Huanza kutetemeka, halafu anajikwaa, halafu maneno yanakuwa mazito mdomoni, na wakati huo yeye mwenyewe anasema yuko salama. Wenzake ndio wanaopaswa kuona, wamvue nguo zilizolowa, wamkaushe, wamvike kavu na kumkinga na upepo.

Wewe mzee unaijua njia yako, unajua mawingu yake na unajua wakati wa kurudi nyumbani. Anayeniandikia mara ya kwanza hajui. Na kuhusu gharama tuko pamoja: suruali ya mazoezi ya poliesta ni rahisi kuliko jinzi nyingi, na kwenye mitumba ni rahisi zaidi.

SWALI: Nimenunua jiko dogo la gesi. Mvua ikinyesha, naweza kupikia ndani ya hema nikiwa nimefungua zipu kidogo? Na gesi ipi ni bora kwa baridi? – *Mpishi wa Kambi*

JIBU: Hapana, ndugu yangu, usipikie ndani, hata zipu ikiwa wazi kidogo. Kitambaa cha hema hushika moto kwa muda mfupi sana, na jiko likipinduka hakuna mlango wa kutosha kukimbilia. Hatari ya pili ni ya kimya. Moto unaokosa hewa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Mtu huumwa kichwa, husinzia, wala hajui kwa nini. Jiko la mkaa lililobaki na makaa mekundu lisiingizwe hemani kupasha joto, hata kama watoto wanatetemeka. Kuna familia zisizoamka kwa ajili hiyo.

Nunua turubai jepesi na kamba, mlifunge kwenye miti mbali na hema, pande zote ziwe wazi, mpikie hapo mkiwa mmekaa. Ndilo pendekezo langu la dhati kuliko kifaa kingine chochote cha jikoni.

Kuhusu gesi, soma ubavu wa mtungi. Butani peke yake hukoma kugeuka mvuke joto likikaribia sifuri, kwa hiyo asubuhi ya baridi jiko litawaka kwa unyonge au litagoma. Propani huendelea hadi hasi 42, lakini shinikizo lake ni kubwa, ndiyo sababu mitungi midogo ya kambi huwa na mchanganyiko. Chagua wenye isobutani, aina ya butani inayostahimili baridi zaidi, na propani. Hakikisha skrubu ya mtungi inaingia kwenye jiko lako hapohapo dukani, maana kuna mitungi ya skrubu, ya kubana na ya kutoboa, na haibadilishani. Ukishafunga, paka povu la sabuni kwenye maungio ukiwa nje, bila moto. Povu likitoa mapovu mapya, fungua, angalia kile kipete cha mpira, ubadilishe. Na kama mnasafiri kwa ndege, mtungi haupandi kabisa, si mkononi wala kwenye mzigo. Nunueni mkifika, na kabla ya kuondoka ulizeni kama huko mitungi ya aina yenu inapatikana.